Mama ameacha pombe, mtoto aliathirika toka tumboni. Unamwambiaje bila kumrudisha kilabuni?

#1 NyandaZaJuu
Habari zenu wakuu, niende moja kwa moja. Nipo mkoa wa Iringa, kijiji sitataja, natoa ushauri nasaha kwa kikundi cha akina mama walioacha pombe. Wako kumi na wawili, tunakutana kila Alhamisi chumba cha nyuma cha kanisa. Huku pombe sio bia jamani, ni ulanzi msimu wa mvua, ukiisha ulanzi ni komoni na kangara, gongo mwaka mzima. Wengi wao walikunywa mimba zote mpaka siku ya uchungu na hakuna aliyewahi kuwaambia kitu.

Sasa kuna mmoja nitamwita Mama Chupa, sababu mtaijua mbele. Ana miezi saba hajagusa. Mwanae wa mwisho ana miaka 7 yuko darasa la kwanza. Ukimtuma "nenda dukani leta chumvi na kiberiti" anatoka mbio kwa furaha, baada ya nusu saa unamkuta anasukuma ringi, hela iko mkononi imelowa jasho, ukimuuliza nimekutuma nini anakutazama tu. Sio jeuri, yani kweli hajui. Leo anahesabu mpaka 20 kesho anakwama kwenye 4. Shuleni anachapwa, nyumbani babake anamwita zezeta.

Mimi naona dalili zote za mtoto aliyenyweshwa pombe tumboni. Mama mwenyewe anasema karogwa na mke mwenza. Nikimwambia ukweli naogopa Alhamisi ijayo namkuta kilabuni. Nisipomwambia mtoto anaendelea kula fimbo kwa kosa ambalo sio lake. Nyie mngefanyaje?

#2 Kapera_Tegeta
Nimekaa paleee siti ya dirishani, wajuzi waje.

#3 Nesi_Kata
Asante mleta uzi, umegusa pabaya. Kitaalamu inaitwa FASD, Kiswahili chake bado kinatusumbua, mimi kliniki nasema tu madhara ya pombe kwa mtoto wa tumboni na wanaelewa. Pombe inapita kondo la nyuma bila kizuizi, mama akilewa mtoto kalewa, tena yeye ini lake halijaweza kazi hiyo kwaiyo pombe inakaa naye muda mrefu. Na ubongo unajengwa miezi yote tisa, hakuna mwezi wa kusema huu ruksa.

Kuna watoto wanaoonekana usoni: macho mafinyu kwa upana, mdomo wa juu mwembamba, kile kimfereji kati ya pua na mdomo kimekuwa bapa. Lakini hao ni wachache. Alama za uso zinaamuliwa wiki za mwanzo mwanzo tu, kama wiki hizo mama hakunywa sana mtoto anatoka na sura nzuri kabisa na ubongo umeumia ndani. Hao ndio wanaoitwa watukutu maisha yao yote.

Ila mleta uzi usijivike koti la daktari. Hakuna kipimo cha damu cha hiyo kitu. Uliyoyataja yanaweza kuletwa na degedege, na kuchelewa kulia wakati wa kuzaliwa, hata na masikio. Huyo mtoto ameshapimwa usikivu? Anza hapo.

#4 Mangi_Mstaafu
Hizi habari za kizungu zinatuchosha. Mama yangu alikunywa mbege mimba zote nane, mbege ni chakula, ina ulezi ina ndizi, na sisi watoto wake mmoja ni injinia, wawili walimu, mimi mwenyewe nimestaafu na pensheni yangu. Mbona hatujawa mazezeta?

#5 Kapera_Tegeta
Mkuu Mangi umesema nane, umetaja wanne. Wengine wako wapi 😂

#6 Mangi_Mstaafu
Wengine ni wafanyabiashara kijana, usitafute ubaya.

#7 Nesi_Kata
Babu Mangi shikamoo. Hakuna aliyesema kila mtoto anaathirika. Inategemea kiasi, inategemea alikunywa kidogo kidogo au alilewa chakari kwa mkupuo, inategemea wiki gani, alikuwa anakula nini, na mwili wenyewe. Mapacha wasiofanana wamewahi kuonekana mmoja kaumia sana mwingine afadhali, tumbo moja, pombe ile ile. Ndio maana tunasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, sio kwamba kopo moja lazima liharibu. Na hapa nilipo naona wamama wajawazito wanaambiwa na mama wakwe zao wanywe stauti iongeze damu. Haiongezi damu jamani. Vidonge vya madini chuma tunagawa bure.

#8 MwlimuDarasaLa1
Mimi nafundisha la kwanza, nina watoto 96 chumba kimoja, nisiwadanganye. Huyo mtoto wa mleta uzi namjua, sio yeye ila ninao watatu kama yeye. Kitu nilichojifunza kwa kuchelewa (na nimechapa sana huko nyuma, Mungu anisamehe) ni kwamba fimbo inamkumbusha fimbo tu, haimkumbushi kosa. Unamchapa saa nne saa tano anarudia, sio kiburi, ule mnyororo wa "nilifanya hivi ndio maana nikapata hivi" kwake umekatika.

Kinachosaidia: agizo moja kwa wakati mmoja. Sio "toa daftari andika tarehe chora mstari". Unasema toa daftari. Unasubiri. Akitoa, ndio la pili. Mkalishe mbele mbali na dirisha. Rudia kila siku kwa maneno yale yale, ukibadilisha maneno kwake ni jambo jipya.

Lakini na mimi nina swali, tunajuaje sio njaa? Shule yangu uji hakuna, kuna watoto wanakuja hawajala toka jana saa kumi. Mtoto mwenye njaa naye hasikii, naye anasahau.

#9 Kigogo_wa_Haki
Mnamlea sana huyo mama. Mwambie ukweli mweupe, "mwanao yupo hivi kwa sababu ya pombe yako". Akiumia aumie, mtoto kaumia zaidi. Kwingine angeshtakiwa.

#10 Nimeacha2019
Nimekuwa msomaji tu humu miaka, leo Kigogo umenitoa shimoni.

Mimi nilikuwa mtu wa viroba. Vile vipakiti vya mia tano, unaficha kwenye sidiria unaenda kazini, hakuna anayejua. Nilijifungua 2015. 2017 mwezi wa tatu viroba vikapigwa marufuku nikahamia gongo, msidhani niliacha kwa sababu serikali imesema. Nimeacha 2019 baada ya kukaa soba hausi.

Mwanangu alipokuwa na miaka minne nikampeleka hospitali moja sitaitaja maana hasemi vizuri. Daktari akaniuliza ulikuwa unatumia pombe, nikasema ndio, kwa mara ya kwanza kwenye maisha yangu nilisema ndio bila kudanganya. Akamgeukia nesi akasema "unaona, hawa ndio wanatuletea hizi kazi". Mbele ya foleni, mlango uko wazi. Nilitoka pale na mwanangu mgongoni nikapitia kwa yule mama wa gongo kabla sijafika nyumbani. Nilikuwa na miezi mitano msafi. Nilipotea miezi minne mingine, mtoto alikaa kwa bibi.

Kwaiyo Kigogo, ukweli wako mweupe nimeshaunywa, una ladha ya gongo.

Aliyeniokoa ni kaunsela wa pale soba. Hakuniambia kitu. Aliniuliza siku moja, "wewe unadhani mwanao anapata shida kwa nini?" nikakaa kimya. Wiki iliyofuata akaniuliza tena hivyo hivyo. Wiki ya tatu nikasema mwenyewe. Nikalia pale wee, yeye akaniwekea maji akasema "haya, tumejua. Sasa tumsaidieje kesho asubuhi avae viatu?" Yani sio maisha yote, viatu. Tukaanza na viatu, tukachora jicho kwenye kiatu cha kulia.

#11 Kapera_Tegeta
Dada #10 heshima kwako. Sina utani hapa.

#12 NyandaZaJuu
Nimeisoma #10 mara tatu. Asante sana dada yangu.

#13 Kigogo_wa_Haki
Pole dada sikuwa na maana hiyo. Ila swali langu liko pale pale, huyo wa Iringa anasema mke mwenza kamroga mtoto. Tunamwacha na hiyo imani mpaka lini? Maana kuna siku atampiga mke mwenza panga.

#14 BintiSongea
Mbona hamuulizi baba alikuwa wapi? Nani alikuwa anaenda naye kilabuni, nani alimnunulia? Nimesoma mahali pombe ya mwanaume nayo inaharibu mbegu. Kila siku mama mama mama, halafu yeye ndio anaita mtoto zezeta.

#15 Nesi_Kata
BintiSongea zipo tafiti za panya zinazoonyesha pombe ya baba nayo ina mchango wake, lakini FASD yenyewe ni ile pombe iliyomfikia mtoto tumboni kupitia mama. Ila kwa upande wa kuacha uko sahihi mia kwa mia, mjamzito ambaye mume anarudi na dumu nyumbani hawezi kuacha peke yake. Mimi nikimshauri mama naomba na baba aje. Wanakuja wawili kati ya kumi, tena mmoja kalewa.

#16 Mbeba_Boksi_Seattle
Salamu toka kwa Biden, samahani siku hizi sio Biden 😄. Huu ugonjwa umegunduliwa huku huku Seattle, 1973, madaktari wawili Jones na Smith ndio waliupa jina. Nafanya kazi za usafi jengo la jirani na chuo chao.

Kinachomhusu mleta uzi: chuo hicho kina programu toka 1991 inaitwa PCAP, mama mwenye historia ya pombe au dawa za kulevya anapewa mtu wa kumtembelea nyumbani kwa miaka mitatu. Mitatu, sio semina ya siku mbili na soda. Akirudi kunywa hafukuzwi, yule mtu anaendelea kuja. Na wengi wa hao watembeleaji wamepita maisha magumu kama hao akina mama.

Kuna mama mmoja hapo hapo, Ann Streissguth, alifuatilia watoto hao mpaka wakawa watu wazima. Waliofanya afadhali ni waliotambuliwa mapema, kabla ya miaka 6, na waliokulia nyumba tulivu isiyo na vipigo.

#17 Dokta_Mchwara
Sahihisho kidogo kwa mkuu #16. Walioupa jina la Kiingereza ndio hao wa 1973. Lakini Mfaransa, Paul Lemoine wa Nantes, alishaandika 1968 kuhusu watoto 127 wa wazazi walevi. Aliandika kwa Kifaransa hakuna aliyemsoma. Ingekuwa Kiswahili tusingesikia kabisa.

#18 Mbeba_Boksi_Seattle
Nimekubali yaishe.

#19 NyandaZaJuu
Mkuu #16 umenimaliza, kabla ya miaka 6 na huyu ana 7. Ndio tumechelewa?

#20 MwlimuDarasaLa1
Mapema ni bora, ndio, lakini nani kasema baada ya hapo mlango umefungwa. Wangu mmoja ana 10 na kajifunza njia ya nyumbani mwaka jana. Kuacha kumchapa hakuna umri.

#21 Mhehe_Mtoro
Jamani ulanzi mtogwa mnauingizaje kwenye pombe? Mtogwa ni juisi, tumekunywa toka tunatambaa.

#22 Mangi_Mstaafu
Leo Mhehe ananiunga mkono, dunia inaisha.

#23 Nesi_Kata
Mtogwa wa asubuhi ukikaa mpaka jioni tayari unakuwasha ulimi, kesho ni mkangafu, yani ulanzi mkali. Nani huku ana saa ya kujua umebadilika saa ngapi? Mjamzito aache vyote. Mhehe usinitafute inbox.

#24 Mhehe_Mtoro
😂😂 Nesi nimekuelewa. Lakini wewe ni wa wapi, unaujua mkangafu vizuri hivyo?

#25 Mzamiaji_Cape
Nimeishi Western Cape, Afrika Kusini, miaka kumi na moja, mashamba ya zabibu. Kule ndio wana viwango vya juu vya FASD kuliko karibu popote duniani. Sababu yake ni zamani makaburu walikuwa wanawalipa vibarua sehemu ya ujira kwa mvinyo, wanaita dop. Sheria ilishapiga marufuku lakini kinywaji kilishaingia kwenye ukoo, baba, mama, bibi. Wiki kazi, Ijumaa mshahara, Jumamosi hakuna aliyesimama. Kuna taasisi yao ya kushughulika na madhara haya ya pombe inaitwa FARR, toka 1997 inazunguka hiyo miji na kliniki, mpaka De Aar huko jangwani.

Mnaocheka dop, nyumbani kwetu mtu anaita watu kumlimia shamba na malipo ni pombe. Mjamzito naye yuko kwenye mstari na jembe lake, jioni anapewa kopo lake. Tofauti iko wapi?

#26 BintiSongea
#25 umeniacha mdomo wazi. Bibi yangu ndio alikuwa anapika hiyo ya shambani.

#27 Auntie_Kakamega
Hamjambo majirani. Huku kwetu ni busaa na chang'aa, shida ni ile ile. Wacha niseme kitu hakijasemwa. Nilikuwa na mama mmoja kwa grupu, alikuwa anakosa kila miadi. Nikimwambia Jumanne saa nne anakuja Jumatano, ama haji. Nikamwandika kwa kitabu "hajali". Nikimpa mawaidha anaitikia ndio ndio, wiki ijayo ni kama hatujawahi ongea. Karibu nimtoe.

Halafu siku moja nikaenda kwao nikapata mamake, mzee sana, na ndiye mpishi wa chang'aa wa hiyo mtaa tangu zamani. Nikakaa chini. Huyu mama mwenyewe alikuwa tumboni hapo kwa hiyo mitungi! Mimi namfunza kulea mtoto mwenye shida, kumbe yeye pia pengine ana hiyo shida, hakuna mtu aliwahi mwangalia.

Nikabadilisha. Nikaacha maneno mingi. Namchorea saa kwa karatasi, mishale mahali inafaa kuwa, anabandika kando ya mlango. Asubuhi ya miadi nampigia simu, si jioni ya kuamkia, asubuhi yenyewe. Kitu moja kwa siku. Sasa anakuja. Anachelewa lakini anakuja. NyandaZaJuu angalia huyo Mama Chupa wako, usije ukawa unafunza watoto wawili.

#28 NyandaZaJuu
Auntie hilo sijawahi kuliwaza hata siku moja. Huyu wangu yuko vizuri nadhani, ngoja niwaambie kuhusu chupa mjionee.

Hajui kusoma vizuri, kwaiyo kila jioni asipokunywa anadondosha punje moja ya maharage kwenye chupa ya soda ya plastiki. Iko juu ya kabati la vyombo. Kila Alhamisi anakuja nayo kwenye khanga anaiweka mezani, hasemi, anaitikisa tu tusikie. Alikuwa na punje 214.

Wiki iliyopita alienda kuchota maji. Mtoto alisikia asubuhi anasema "leo tunapika maharage". Akafanya kazi ya kusaidia: akapanda kwenye kigoda, akashusha chupa, akamimina zote kwenye sufuria iliyokuwa jikoni. Mama amerudi kakuta miezi saba yake inachemka.

#29 Kapera_Tegeta
Uwiiii

#30 Kigogo_wa_Haki
Alimpiga?

#31 NyandaZaJuu
Anasema aliinua mkono. Halafu akamwangalia, mtoto anacheka, anasubiri kusifiwa, maana kwa mara ya kwanza kakumbuka alichosikia na kakifanya. Mkono ukashuka wenyewe. Jioni wakala hayo maharage, na mke mwenza naye akala.

Hapo ndio alikuja kwangu Jumamosi sio siku yetu, akakaa, akasema "mwalimu, huyu mtoto ni pombe zangu eti?" Sikuwa nimeuliza kitu. Nilikumbuka #10 nikafunga mdomo, nikasema wewe unaonaje. Akasema anaona hivyo toka zamani, na kwamba alikuwa anamsingizia mke mwenza tu. Baada ya dakika tano akarudi kwenye kurogwa tena. Kwaiyo sijui yuko wapi, yuko kote kote.

#32 Nimeacha2019
Mwache akae kote kote. Mimi nilikaa huko mwaka mzima. Ila mtafutie mtu wa kulala karibu naye siku mbili tatu hizi, usiku ndio mbaya.

#33 Nesi_Kata
Na masikio ya mtoto, sijasahau. Peleka hospitali ya wilaya na kadi ya kliniki. Na kama humo kwenye kikundi kuna mjamzito anayekunywa kila siku na akikosa anatetemeka, msimwambie aache ghafla nyumbani, anaweza kupata degedege la kuachia pombe likamuua yeye na mtoto. Aachishwe hospitali.

#34 Baba_Mtarajiwa
Samahani natoka nje kidogo. Mke wangu alikunywa bia kama mbili kwenye harusi, hatukujua ana mimba, sasa ana wiki tisa. Nifanyeje sijalala siku mbili.

#35 Nesi_Kata
Lala. Asinywe tena, na wewe mnunulie juisi mnywe wote. Mkienda kliniki aseme bila kuficha. Watu wengi wamepita hapo na watoto wako sawa, siwezi kukuandikia hati ila usimpe mkeo presha.

#36 Mangi_Mstaafu
Mimi bado sijakubali la mbege. Lakini niseme tu, huyo wa nane wetu, wa mwisho, hakumaliza la tatu. Tulisema ni mvivu. Mzee alimchapa sana yule.

#37 MwlimuDarasaLa1
Mangi, shikamoo mzee wangu.

#38 Kapera_Tegeta
Mleta uzi, lile swali la msingi: punje zimeliwa, je anaanza upya moja au zinahesabika?

#39 Mhehe_Mtoro
Zinahesabika, ziko tumboni 😂

#40 NyandaZaJuu
Hahaha kikundi kizima kilibishana hilo Alhamisi nzima, wengine wanasema aanze moja, wengine wanasema ahesabiwe zote. Mwisho akachukua chupa mpya, akahesabu 220 kwa msaada wetu akazitia. Sasa kila jioni anayedondosha punje ni mtoto, mama kasema hiyo ndio kazi yake moja. Shida ni kwamba siku nyingine anasahau, siku nyingine anatia tatu, juzi katia kiganja kizima. Chupa saa hizi inasema miezi kumi na moja wakati yeye ana minane kasoro.

#41 BintiSongea
Hiyo chupa ina riba kuliko vikoba vyetu.